Mnaounga kompyuta na kuziuza: apdeti mnazimalizia dukani au mnamwachia mteja?

FundiMabatini (Mwanza)

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki mbili sasa.

Naunga kompyuta za mezani hapa Mabatini. Fremu yangu ni ndogo, meza mbili na rafu ya makasha. Kwa mwezi natoa mashine sita, mwezi ukiwa mzuri zinafika kumi. Vifaa naagiza Dar vinakuja na basi, vichache navitoa kwenye mashine za mtumba. Wateja wangu ni watu wa steshenari, walimu, vijana wanaohariri video za harusi, na wachache wa gemu. Hadi mwezi jana utaratibu wangu ulikuwa hivi: nina flashi ya Windows 11 toleo la 23H2 niliyoitengeneza zamani, napiga window, naweka draiva na programu za ofisi, naiwasha mara mbili tatu mteja aione, anaondoka nayo. Apdeti sikuwa nazigusa. Bando nanunua kwa fedha yangu, nikaona mashine itajiapdeti yenyewe ikifika kwa mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Nilimuuzia mama mmoja mwenye steshenari kule Nyegezi mashine tatu pacha: Ryzen 5 5600G, ramu GB 16, SSD ya GB 512. Nikazifunga Jumatatu jioni, nikaziunganisha na ruta yake ya laini, nikajaribu printa, tukaagana vizuri. Jumanne saa moja kasoro asubuhi simu ikaita. Bando lake la mwezi limekwisha lote. Alikuwa ameweka GB 30 siku mbili kabla. Mashine tatu zililala zinavuta, kila moja kivyake: apdeti ya mwezi, draiva ya grafiki, apu za Store, na juu yake toleo jipya la Windows lenyewe, kwa kuwa flashi yangu ilikuwa imepitwa na wakati. Nikamwambia pole mama, bando nanunua mimi. Nikanunua.

Saa nne akapiga tena. Binti wa kaunta alikuwa ameona tangazo la kuiwasha upya, akalibonyeza ili litoke machoni. Watu wa maombi ya ajira wako foleni, skrini nyeusi, asilimia 61, imeandikwa usizime kompyuta yako. Nikapanda daladala. Sijafika Nyegezi umeme ukakatika, na mama hana UPS (betri ya akiba). Nilipofika umeme umesharudi, mashine inawaka, vidoti vinazunguka, inajizima, inawaka, vinazunguka tena. Nilikaa chini ya kaunta ile na flashi yangu hadi saa tisa mchana.

Mama hakunifokea. Alichofanya ni kufungua daftari lake la mauzo akanisogezea. Ukurasa wa Jumatatu umejaa mpaka pembeni, ameandika na kwenye mstari wa pambizo. Ukurasa wa Jumanne una mistari minne, yote fotokopi. Akaniuliza, "Kijana wangu, si ulinambia ni mpya?"

Sikuwa na jibu. Kasha jipya, bodi mpya, SSD mpya, lakini ndani nilimwekea kazi ya nusu, ile nusu nyingine nikamwachia aimalize yeye kwa bando lake, umeme wake na foleni yake. Nimeona kwamba kuunga mashine hakuishii kwenye skrubu ya mwisho ya kasha. Mashine itoke kwangu ikiwa imeshakula apdeti zake zote.

Ninachotaka kujua kutoka kwenu ni namna. Nikiziapdeti zote dukani, nafanyaje bila kufungua akaunti kwa jina langu halafu mteja akakuta imeandikwa Fundi? Mnavuta kwa kila mashine au mna njia ya kuvuta mara moja ikatosha zote? Na BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine, mnagusa, au mnaiacha ilivyotoka kiwandani?

ZimaKabisa (Dar)

Mkuu pole, ila unajitafutia kazi. Mimi nikimaliza kupiga window naingia kwenye huduma, naizima Windows Update, siku hiyo hiyo mteja anasahau kama kuna kitu kinaitwa apdeti. Miaka minne nafanya hivyo, mashine zinakwenda, bando haliliwi, hakuna asilimia 61. Mteja wa steshenari anataka Word na printa, basi.

MamaMaabara (Tanga)

Kaka ZimaKabisa, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Natunza maabara ya shule yenye mashine 34, kwa hiyo naongea nikiwa upande wa mnunuzi.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoanza kufunga mafaili ya watu duniani, hadi hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa, dawa yake ilikuwa imeshatoka tangu 14 Machi. Karibu miezi miwili. Mashine iliyokuwa imepokea apdeti ya Machi mlango ule ulikuwa umefungwa. Waliolia wengi ni ambao apdeti haikuwafikia au mtu aliizima. Na kirusi kile kilikuwa kinatembea kwenye mtandao wa ndani kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubonyeza chochote. Kwenye steshenari kila anayeingia anachomeka flashi yake. Ukimzimia mama yule apdeti, umemwondolea bughudha ya siku moja ukamwachia mlango wazi miaka minne, na hajui.

Siku hizi mashine mpya ikifika shuleni, kabla sijasaini hati ya kupokea, naandika winver, amri ya kuonyesha toleo la Windows, naangalia namba. Namba ikiwa ya miezi minane iliyopita nairudisha. Wauzaji wawili waliudhika mwanzoni, sasa wamezoea.

Jambo la pili, FundiMabatini, ulivyouliza habari ya akaunti umeuliza jambo kubwa kuliko jina kukaa vibaya. Kuanzia toleo la 24H2, ukipiga Windows upya kisha ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inajifunga kwa usimbaji yenyewe, na ufunguo wa kuifungulia, tarakimu 48, unakwenda kukaa kwenye akaunti ile uliyoingilia. Tulinunua mashine moja ya ofisi ya taaluma, fundi akaiandaa kwa barua pepe yake, akatupa nenosiri la kuwashia tu. Miezi mitano baadaye BIOS ikaapdetiwa, mashine ikaamka inadai tarakimu 48. Fundi amebadilisha laini, hapatikani. Alama za mtihani wa nusu muhula wa madarasa mawili zilikuwa mle. Walimu walisahihisha upya karatasi walizokuwa bado nazo, nyingine zilikuwa zimesharudishwa kwa watoto. Sitaisahau wiki ile.

Tafadhali sana, mnaouza mashine, msiingie kwenye mashine ya mtu kwa akaunti zenu.

ZimaKabisa (Dar)

Dada, hilo la ufunguo silifahamu, nashukuru, kweli. Na la flashi za wateja umenigusa. Lakini bando bado linabaki swali. Nikiuza mashine 20 kwa mwezi, kila moja inavuta GB 8 au 10, faida yangu inaishia kwenye intaneti.

Bisibisi_Arusha

Hapana mkuu, hazivuti kila moja. Ngojeni niwaelekeze ninavyofanya, nimefanya hivi tangu Windows 10.

Kwanza tupa flashi ya zamani. Pakua ISO mpya, yaani faili la kupigia Windows. Hili halina mjadala, na kuna sababu zaidi ya bando: flashi za 24H2 zilizotengenezwa zikiwa na apdeti za Oktoba au Novemba 2024 zilikuwa na kasoro, mashine iliyopigwa kwazo ilikuwa inaweza kukwama isipokee tena apdeti za usalama. Microsoft wenyewe walisema dawa ni kupiga upya kwa media yenye apdeti ya Desemba 2024 kuja mbele. Kuna mafundi hadi leo wana flashi zile mfukoni, wanamuuzia mtu mashine ambayo haitapona yenyewe.

Pili, ukimaliza kupiga window na ikafika kwenye ukurasa wa kuchagua nchi, usichague kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na F3 kwa pamoja. Mashine itajiwasha upya na kukuingiza moja kwa moja kama Administrator, bila kuuliza jina wala akaunti. Hii inaitwa hali ya ukaguzi, imewekwa kwa ajili ya watu kama sisi tunaoandaa mashine za kuuza. Humo ndani weka draiva, vuta apdeti, iwashe upya mara tatu, mara nne, utakavyo, inarudi hapo hapo. Kuna kidirisha cha sysprep, programu ya kuiandaa Windows kwa mtumiaji mpya, kinajifungua kila ikiwaka, kifunge tu kwa sasa.

Ukiridhika kila kitu kimeingia, fungua sysprep, chagua OOBE, weka tiki kwenye Generalize, chagua Shutdown. Mashine inazima. Mteja akiiwasha kwake anakutana na ukurasa wa kuchagua nchi kana kwamba imetoka kiwandani, anaweka jina lake na akaunti yake, ufunguo wa diski unakwenda kwake. Maumivu ya dada wa Tanga yanaishia hapo.

Na kabla hujaiwasha tena baada ya sysprep, nakili diski ile kwa Clonezilla uiweke kwenye diski ya nje. Hiyo ndiyo mama wa mashine zako. Ukipata kazi ya mashine tano, unamwaga nakala ile kwenye SSD tano, na apdeti umevuta mara moja. Tiki ya Generalize usiisahau, ndiyo inayoifanya kila mashine ijitambue upya. Leseni hainakiliki humo, kila mashine ina yake, na za mtumba nyingi ufunguo wake umo ndani ya BIOS tangu kiwandani, Windows inauchukua yenyewe.

Mtego mmoja, na huu umewatoa watu jasho wengi: ukiwa kwenye hali ya ukaguzi usiiruhusu Store iapdeti apu zake. Apu ikiapdetiwa pale inasajiliwa kwa yule Administrator peke yake, na sysprep ikiikuta inagoma kabisa. Zima apdeti za apu za Store kabla hujachomeka waya wa intaneti. Siyo baada.

Kuhusu ratiba: apdeti za usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa mbili usiku, na miezi yao ya baridi ni saa tatu. Mimi Jumatano usiku naifungua mama, naiapdeti, naifunga upya. Kazi ya usiku mmoja kwa mwezi.

BabuWaBodi (Unguja)

Assalaam aleikum vijana wangu. Bisibisi kasema vizuri, lakini kaanzia kati. BIOS ndiyo ya mwanzo, kabla hata ya kuchomeka flashi ya Windows.

Nitakwambieni kwa nini. Kwenye Ryzen, TPM, sehemu inayotunza siri za usimbaji wa diski, imo ndani ya prosesa, na BIOS ikibadilika TPM ile inaweza kuanza upya. Ukiapdeti BIOS diski ikiwa imeshajifunga, ndiyo hiyo mashine inadai tarakimu 48 kama ya mwalimu wetu. Ukiapdeti BIOS mwanzo, diski tupu, hakuna kinachodaiwa.

Halafu bodi. Bodi ya B450 ilitoka 2018, Ryzen 5000 zikaja mwisho wa 2020. Bodi iliyokaa stoo tangu zamani ukiitia 5600 haionyeshi picha. Kijana wangu hapa alirudisha bodi mbili dukani akisema mbovu, na mwenye duka akazipokea. Zilikuwa nzima zote mbili, zilitaka BIOS tu. Bodi nyingine zina kitufe cha nyuma cha kuapdeti BIOS kwa flashi bila prosesa wala ramu, umeme tu. Kama unanunua bodi, mwanangu, lipia hiyo yenye kitufe.

Wanaounga Intel kizazi cha 13 na 14 wasikilize zaidi. Prosesa zile za mezani zilikuwa zinajipa volti kuliko inavyostahili, zikaharibika kidogo kidogo, mashine inazima kwenye gemu bila sababu. Intel ikatoa tiba ndani ya BIOS, 0x129 mwezi wa Agosti 2024, ikafuatia 0x12B Septemba. Tiba ile inazuia, hairudishi prosesa iliyokwisha kuumia. Maana yake ukimkabidhi mtu i7 ya kizazi cha 14 juu ya BIOS ya zamani, kila siku anayoitumia anaiumiza na hajui, na wewe ndiye uliyempa.

Na kuna vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011. Vinaanza kuisha muda Juni 2026, vipya ni vya 2023, vinakuja kwa apdeti za Windows, na mashine nyingine zinataka na BIOS mpya. Mashine isiyokuwa na vipya itaendelea kuwaka, lakini ulinzi wa pale mwanzo inapowaka hautapata tena marekebisho. Kwa za mtumba tazameni sana.

Kuapdeti BIOS bila UPS mimi sifanyi. Hata kama anga jeupe na umeme haujakatika wiki nzima.

MashineLuthuli (Nairobi)

Hamjambo ndugu zetu. Hapa Luthuli Avenue wateja wangu wengi ni wa saiba, maduka ya intaneti, shida ni ile ile ya Nyegezi, stima na data.

FundiMabatini, zile mashine tatu ulizoweka pamoja zingeweza kugawana. Kwenye mipangilio ya Windows Update, sehemu ya hali ya juu, kuna Delivery Optimization. Ikiruhusiwa kuchukua kutoka mashine za mtandao wa ndani, moja ikishavuta, nyingine zinachukua mengi kwake badala ya kwenda intaneti. Lakini usiziwashe zote kwa mpigo. Washa moja, iache imalize kabisa, ndipo uwashe ya pili. Nimefanya hivyo saiba ya mashine 12 na mwenyewe aliona tofauti kwa data.

Pia ruta ya laini ya simu, ingia kwenye mtandao ule uweke alama kwamba ni wa kulipia kwa kipimo. Windows haivuti tena apdeti kubwa hadi mtu aamue. Hii si kuzima, ni kumpa mwenye saiba nafasi ya kuchagua usiku gani. Mwonyeshe pia pa kusogeza hadi wiki tano, na pa kuweka saa za kazi.

Halafu kuna zile mashine za mtumba ambazo Windows 11 haizikubali, Intel ya kizazi cha 6 na cha 7. Windows 10 ilimaliza muda wake 14 Oktoba 2025. Mimi hizo naziwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, na siwaambii wateja ni Windows, nawaonyesha na wanachagua. Mint ina njia yake ya kuandaa kwa ajili ya kuuza: ukiwasha kutoka flashi unachagua OEM, unapiga, unaapdeti yote, ukimaliza unabonyeza alama ya kuiandaa kwa mtumiaji, na yeye akiiwasha anaweka jina lake. Mashine moja ya zamani pale kona ya duka nimeiwekea apt-cacher-ng, programu inayotunza apdeti za Mint zilizokwisha kushuka, kila kifurushi kinashuka mara moja tu. Mashine ya ishirini inaapdeti kwa kasi ya waya. Mint 22 itapata apdeti hadi 2029, kwa hivyo mwalimu wa kijijini anapata miaka bila kusumbuliwa.

FundiMabatini (Mwanza)

Wakuu, shikamoo Babu, asanteni sana. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilitaka kurudi nikiwa nimefanya, nisirudi na maneno.

Nilianza na UPS. Nimepata ya mtumba, betri nimeibadilisha. Kisha bodi: nilikuwa na A520 mbili rafuni, nikaangalia BIOS zao, zote za 2021. Nimeziapdeti juu ya ubao, kasha likiwa tupu pembeni, nimesimama nimeshika ukingo wa meza mpaka ziliporudi. Sasa hakuna bodi inayoingia kwenye kasha kabla ya hilo.

Nikanunua bando la usiku, nikapakua ISO mpya. Nikapiga, nikabonyeza Ctrl, Shift, F3. Ilipoingia kama Administrator bila kuniuliza jina nilifurahi mno, miaka yote hii nimekuwa naandika User. Nikaweka draiva, nikavuta apdeti, nikaiwasha upya mara tatu.

Halafu nikaingia kwenye mtego wa Bisibisi pamoja na kwamba nilikuwa nimeusoma. Waya wa intaneti ulikuwa umeshachomekwa tangu mwanzo, nikaizima Store baadaye kidogo. Saa saba usiku, Generalize, Shutdown, ikatoa kidirisha kwamba sysprep imeshindwa kuhakiki. Nikafungua faili la setupact ndani ya folda ya Panther, nikashuka hadi chini, jina la apu liko pale wazi: imewekwa kwa mtumiaji mmoja, haikuandaliwa kwa wote. Nikaiondoa kwa amri ya Remove-AppxPackage, nikajaribu tena. Ikataja nyingine. Nikaondoa. Ya tatu. Mara ya nne ikazima. Nakala ya Clonezilla ikaisha karibu na adhana ya alfajiri. Mara ya pili nilianza bila waya na kazi ilikwenda jioni moja.

Tangu hapo nimetoa mashine tano kutoka nakala ile. Kuimwaga kwenye SSD ni dakika kumi na chache. Ikikaa sawa naifungia upya kwa mteja, na kwenye boksi naweka karatasi moja ya Kiswahili niliyoiandika mwenyewe: mashine hii imeapdetiwa hadi tarehe fulani, toleo la BIOS ni hili, ukiona asilimia usizime, ukiunganisha na laini ya simu fanya hivi, ufunguo wa diski yako utaupata kwenye akaunti yako, uandike mahali. Mwalimu mmoja aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia kalamu akaniambia nimwekee na tarehe ya apdeti ijayo. Nimeiongeza kwa kila karatasi.

Bei nimepandisha elfu kumi na tano kwa mashine, naandika kwenye risiti kabisa, maandalizi na masasisho. Hakuna aliyekataa nikimweleza. ZimaKabisa, jaribu mkuu, kwa mashine zako ishirini utavuta mara moja tu kwa mwezi.

Nyegezi nilirudi Jumapili, steshenari ikiwa imefungwa. Sikudai kitu. Zile mashine tatu nimezipiga upya zote kutoka nakala, nikahamisha mafaili yake kwanza, nikawasha moja hadi ikamaliza ndipo nikawasha nyingine, kama alivyosema ndugu wa Luthuli. Ruta nimeiwekea alama ya kulipia kwa kipimo. Mama aliingia akaunti yake mwenyewe, nikageukia ukutani akiandika nenosiri, na zile tarakimu 48 tumeziandika kwenye jalada la nyuma la daftari lile lile la mauzo, kwa mkono wake. UPS amesema atanunua moja kwanza, ya kaunta.

Swali moja limebaki kwa Bisibisi. Nikiifungua mama kila mwezi, nikaiapdeti, nikafanya sysprep tena, inafika mahali inachoka? Au nitunze nakala ya kabla ya sysprep, nianzie hiyo kila mara? Wiki ijayo ni Jumanne ya pili, na bando la usiku nimeshaliweka.

Bisibisi_Arusha

Anzia ya kabla ya sysprep, kila mara. Tunza zote mbili, uandike tarehe kwenye jina la faili. Na waya uchomoe kabla hujaiwasha.